Mashine ya kupima troponini wodini: nimeitumia miezi minane

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya wilaya, mkoa wa Tanga. Tangu mashine hii ndogo ya kupima viashiria vya moyo kwenye damu iwekwe mezani kwetu ni miezi minane sasa, na wenzangu wa hospitali nyingine wananiuliza kama wainunue. Nitajibu kwa upande ninaoujua vizuri: wazee wanaoletwa wakiwa na sepsisi, yaani maambukizi yanayoufanya mwili uanze kuviumiza viungo vyake wenyewe.

Zamani sampuli ya troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, ilipanda gari kwenda mjini, majibu yakarudi kesho yake jioni. Mgonjwa wa sepsisi hana kesho jioni ya kusubiri. Sasa natia damu kwenye katriji, kile kikasha kidogo cha kipimo, naichomeka kwenye mashine, na baada ya kama robo saa namba iko kwenye kioo. Kwa hilo naishukuru kwa moyo wote.

Ila namba yenyewe inahitaji macho. Aliletwa babu wa miaka 78, mjukuu wake ananiambia, "Sista, tangu alfajiri anaongea mambo hayaeleweki." Homa hakuwa nayo, na wazee wengi ndivyo walivyo: maambukizi yanawamaliza na mwili haupandi joto. Presha 84 kwa 50, anapumua mara 28 kwa dakika, mkojo mchache kama chai ya rangi. Troponini ikatoka mara sita ya kikomo cha kawaida. Daktari wa zamu, kijana makini kabisa, alikwishashika kalamu aandike heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akidhani ni shambulio la moyo. Antibayotiki ilikuwa imeshaingia mshipani ndani ya saa ya kwanza. Nikamwomba, "Daktari, turudie kipimo baada ya masaa matatu." Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha dalili ya mshipa kuziba. Babu hakulalamika kifua, ingawa kwa mtu aliyechanganyikiwa hilo halitoshi. Tuliporudia, namba ilikuwa karibu ileile. Moyo ulioshambuliwa muda si mrefu, namba yake hupanda au hushuka waziwazi. Ya babu ilikuwa imetulia. Heparini haikuandikwa.

Kwenye sepsisi misuli ya moyo huumia bila mshipa wowote kuziba. Presha imeshuka, moyo unakimbia, oksijeni haitoshi, na kemikali ambazo mwili unazimwaga kupambana na vijidudu zinaudhuru moyo huohuo. Tena mzee mwenye figo dhaifu anaweza kuishi na troponini ya juu siku zote, hata akiwa shambani analima. Sisemi ipuuzwe. Wazee wa sepsisi ambao troponini yao imepanda sana wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, kwa hiyo kitanda chao nakisogeza karibu na meza yetu.

Mashine inapima pia NT-proBNP, homoni inayotoka moyo unapotanuka kwa kuelemewa. Hapa ndipo inaponikera. Karatasi inayochapwa huweka kikomo kimoja kwa watu wote, wakati kwenye kutafuta moyo kushindwa ghafla, kiwango cha kushuku hubadilika na umri: 450 kwa walio chini ya miaka 50, 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, 1800 kwa waliozidi hapo. Nimeviandika kwa kalamu ya wino mwekundu na kuvibandika ukutani. Hata hivyo sepsisi na figo huipandisha homoni hiyo zenyewe, kwa hiyo, ingawa maji mengi huuelemea moyo dhaifu, sikatazi dripu kwa sababu yake. Inanifanya nisikilize mapafu kila chupa inapoisha, nihesabu pumzi, nitazame kama mishipa ya shingo imevimba.

Jambo la mwisho ni katriji. Zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Friji ya wodi iliwahi kuzima usiku kucha, tukatupa boksi zima. Tangu hapo zinakaa kwenye friji ya chanjo yenye sola. Na msiagize katriji moja kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu kipimo kimoja kwa mzee wa sepsisi kingemchomesha babu yule dawa isiyo yake. Sisi tuliomba mbili kwa kila mzee. Mfamasia aligoma wiki mbili, akakubali siku nilipomwekea faili la babu mezani.