Ringi ya DT Swiss EX 511 katika mteremko wa Newala

Kwa miezi minne nimeitumia ringi ya baiskeli ya DT Swiss EX 511, ya alumini, yenye upana wa milimita 30 kwa ndani, katika mteremko unaotoka Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kuelekea bonde la mto Ruvuma. Ringi niliyokuwa nayo awali, ambayo niliichagua kwa wepesi wake tu, ilipinda mdomo siku ya pili, nami nikarudi nyumbani nikiikokota baiskeli juani. Hii nayo imegonga mawe. Ina kibonyeo kimoja, kipana kama ukucha wa kidole gumba, ambacho fundi alikinyoosha kwa koleo bila kulegeza spoku hata moja, na tairi la inchi 2.4 bado linashika upepo. Ringi ya kaboni ni ngumu zaidi, lakini ikipata ufa hainyooshwi, na huku kwetu kuagiza nyingine ni kusubiri mzigo. Uzito wa hii ya alumini huusikia ninapopanda kurudi mjini. Hata hivyo, kwa gurudumu la nyuma, linalopokea kishindo kikubwa zaidi, siibadilishi. Kwa la mbele, ringi nyepesi kidogo inatosha.