SUV ndogo au IST? Gari za kila siku nilivyozipanga kwa mtu wa Dar

Kabla hujaanza kuangalia picha za gari, pima njia ya kwako. Simaanishi Bagamoyo Road wala Morogoro Road. Namaanisha kile kipande cha kutoka lami hadi getini: Goba ndani, Madale, Kivule, Chanika. Omba jirani mwenye Vitz akubebe, jazeni watu wanne, mpite mvua ikiwa imenyesha. Gari ikifika bila kugusa chini, huhitaji SUV. Ikilamba chini mara tatu, nenda moja kwa moja namba 2.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakikopa zaidi ili tu wakae juu, kisha mwezi wa tatu gari inalala nyumbani na mwenyewe yuko kwenye daladala. Mafuta yamemshinda.

1. Toyota IST (injini ya cc 1300 au 1500)

Kwa wengi wetu jibu ni hili. Fundi wa mtaani anaifungua akiwa amefumba macho, spea zipo kila mkoa, na ukitaka kuiuza haikai wiki nyingi. Kiti cha nyuma ukikilaza, gunia la mkaa linaingia.

Tupige hesabu. Ukitembea kilomita 40 kwa siku, siku 26, ni kilomita 1,040 kwa mwezi. IST yangu ya 1300 kwenye foleni inanipa kilomita 13 kwa lita, yaani lita 80. Rush ya jirani yangu inampa 10, lita 104. X-Trail ya cc 2000 niliyowahi kuendesha njia hiyohiyo ilikuwa inatoa 8: lita 130. Zidisha kwa bei ya kituo unachojazia, na uzidishe tena kwa miezi 12.

Jambo moja nakuomba: usikimbilie kuiinua kwa kuweka vipande juu ya shokapu. Ikiinuliwa sana, ekseli za mbele zinakaa kwa pembe isiyo yake, mpira wake unachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na unaanza kusikia ta-ta-ta ukikata kona. Mara nyingi gari inayolamba chini ina shokapu na springi zilizochoka tu. Badilisha hizo kwanza.

2. Toyota Rush (1500), au ndugu yake Daihatsu Bego

Kama njia yako ina makorongo, hii ndiyo SUV ndogo ninayoiamini. Iko juu sentimita 20 kutoka chini, na injini yake ya 1500 haitishi. Bego ni gari ileile kwa jina jingine, kwa hiyo ukiiona kwa bei nzuri usiikwepe.

Lakini angalia hapa, maana wengi wanaumia: kuna Rush zinazosukuma tairi za nyuma pekee. Kwenye tope la mfinyanzi, hiyo inateleza matako wakati IST inayovutwa na tairi za mbele inapita taratibu. Kama tope ndilo tatizo lako, tafuta ya tairi zote nne. Chungulia uvunguni uone kama ina difu ya mbele (kile kiboksi cha gia kinachogawa nguvu kwa tairi za mbele), na kwenye dashibodi utafute swichi ya kufunga difu ya kati.

Halafu kuna wazee. Mama yangu ana magoti mabovu. Kwenye IST anashuka kwa kuvutwa mkono, kwenye Rush anateremka mwenyewe. Kama unambeba mzazi kila wiki, hilo lina uzito kuliko zile lita 24 za ziada kwa mwezi.

3. Vitz au Passo (1000)

Kwa anayeishi na kufanya kazi kwenye lami. Ukiagiza mwenyewe Japani, injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini (ule wa uchakavu wa gari kuukuu ni hesabu nyingine). Kuanzia hapo hadi 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10. Ila Passo ya pistoni tatu, watu watano na AC, mlima Kitonga utaupanda kwa subira.

4. X-Trail, RAV4, Vanguard

Gari nzuri, nafasi ya kutosha, safari ndefu hazichoshi. Kwa kwenda kazini na kurudi peke yako, ni mzigo. RAV4 zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2005 na Vanguard nyingi zina injini ya 2400, kwa hiyo ushuru na mafuta vinapanda pamoja. X-Trail yenye gia ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida) inataka oili yake maalumu. Aliyekutangulia kama aliweka ya kawaida, gia boksi utalipia wewe.

Gari yoyote utakayochagua, iwashe asubuhi ikiwa ya baridi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Ukifika ukagusa boneti na ukaikuta ina joto, mwambie utarudi kesho.