Vijiti vya Cuisenaire kwa hesabu za nyumbani: boksi moja haliwatoshi watoto watatu

Kufundisha hesabu nyumbani watoto watatu wa umri tofauti ni kazi ya kugawa macho. Ukimsogelea wa miaka 12 na hesabu zake za sehemu, wa miaka 5 anabaki anachora ukuta. Ukimrudia mdogo, wa miaka 8 ameshakwama kwenye jedwali la 7. Kifaa kitakachowakalisha wote watatu meza moja, kwa swali moja, kila mtu kwa kimo chake, kina faida kuliko vitabu vitatu vilivyofunguliwa kurasa tatu. Vijiti vya Cuisenaire vinaweza kazi hiyo, ila kwa masharti. Hapa tunaliangalia boksi la kawaida la vijiti 74, la mbao na la plastiki, pamoja na vile unavyoweza kuchongesha kwa fundi hapa hapa Dar es Salaam.

Vimepewa jina la Georges Cuisenaire, mwalimu wa Thuin, Ubelgiji, aliyevitangaza mwaka 1952. Caleb Gattegno, mwanahisabati mzaliwa wa Aleksandria, Misri, ndiye aliyevisambaza duniani. Kila kijiti kina unene wa sentimita 1 kwa 1, na urefu unaanzia sentimita 1 hadi 10. Rangi ndiyo inayotaja urefu: nyeupe 1, nyekundu 2, kijani hafifu 3, zambarau 4, njano 5, kijani iliyokoza 6, nyeusi 7, kahawia 8, bluu 9, chungwa 10. Boksi la 74 lina vyeupe 22, vyekundu 12, vya kijani hafifu 10, vya zambarau 6, na rangi sita zilizobaki ni vinne vinne. Hesabu hizo zishike, maana ndizo zitakazokuumbua katikati ya somo.

Wengi wanauliza kwa nini wasitumie vizibo vya soda au maharage, ambavyo havina gharama. Kwa mtoto anayejifunza kuhesabu hadi 20 vizibo vinatosha kabisa, na hakuna sababu ya kununua kitu. Shida inaanza baadaye. Mtoto aliyezoea vizibo akiulizwa 8 + 5 anahesabu kimoja kimoja kuanzia 1 hadi 13, na tabia hiyo anaenda nayo mpaka darasa la nne. Kijiti cha kahawia hakina alama za kuhesabu. Ni 8 nzima, kitu kimoja. Ukikiunganisha na cha njano kisha ukaweka cha chungwa chini yake, jicho linaona kwamba kimezidi kwa kijani hafifu: kumi na tatu. Kwa hiyo plastiki zenye mikato kila sentimita tunaziona hazifai. Mikato ile inamrudisha mtoto kwenye kuhesabu kimoja kimoja, na hapo umelipia vizibo vya bei ghali.

Mdogo wa miaka 5 mwache avichezee siku tatu au nne bila swali lolote. Atajenga nyumba, atapanga barabara, na mikono yake itajifunza urefu kabla ya majina. Kisha ngazi: kimoja cha kila rangi, kuanzia cheupe hadi cha chungwa. Akiipanga bila kukosea, mwambie afumbe macho, toa kijiti kimoja, sogeza vilivyobaki, naye aseme kipi kimeondoka. Baada ya hapo jozi za kumi: cheupe na cha bluu, chekundu na cha kahawia, kijani hafifu na cheusi, zambarau na kijani iliyokoza, njano na njano. Usiharakishe kuingiza tarakimu. "Zambarau na zambarau ni kahawia" ni hesabu halali kwa wiki mbili za mwanzo. Ikifika wiki ya tano bado anataja rangi tu, kila kijiti anachoweka aandike namba yake daftarini. Vijiti vyenyewe visiandikwe kitu. Tutaona kwa nini kwa yule mkubwa. Cheupe ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, anaweza kukimeza au kupaliwa nacho, basi nyumba yenye mtoto wa umri huo boksi likae juu ya kabati.

Wa miaka 8 ndiye anayefaidika zaidi, na ndiye anayemaliza vijiti. Kuzidisha kunakuwa mstatili. Vya zambarau vitatu vikilazwa ubavu kwa ubavu ni 3 × 4. Juu yake laza vya kijani hafifu vinne kwa upande wa pili, vinafunika mstatili ule ule, na mtoto anaona kwa macho kwamba 3 × 4 na 4 × 3 ni eneo moja. Hilo linapunguza jedwali la kukariri karibu nusu. Sasa jaribu 5 × 5. Unahitaji vya njano 5 na boksi lina 4. Jaribu 6 × 7: cheusi ni vinne, kijani iliyokoza ni vinne, pande zote mbili umegota. Kwa boksi moja, kila zao lenye upande mmoja wa 4 kushuka chini linajengeka, na kila zao ambalo pande zote mbili ni 5 au zaidi halijengeki. Hayo ya juu ndiyo hasa yanayowashinda watoto. Maboksi mawili yanakufikisha 8 × 8, kwa sababu vya kahawia vinakuwa 8 kamili. Yanabaki 9 × 9, 9 × 10 na 10 × 10 tu, ambayo mtoto akifika hapo anaweza kuyachora kwenye karatasi ya miraba.

Kugawanya kwenye baki nako kunaonekana vizuri: 17 ni chungwa na cheusi, panga vya njano chini yake, vinaingia vitatu, na pengo linalobaki linakaa chekundu. Jibu ni 3, baki 2. Kutoa kwa kukopa, mfano 32 kutoa 17, ni chungwa tatu na vyeupe viwili. Chungwa moja linabadilishwa kwa vyeupe 10, vinakuwa 12, unaondoa 7 vinabaki 5, unaondoa chungwa moja linabaki moja. Jibu ni 15. Mtoto abadilishe mwenyewe kwa mkono wake. Mzazi akimbadilishia, somo zima limepotea, kwa sababu kukopa ni kile kitendo cha kubadilisha. Vyeupe 22 vinatosha kwa hili, lakini machungwa manne yanaishia 49. Kwa mamia kata kadi za manila za sentimita 10 kwa 10, kila moja ni mia.

Kuna matumizi ya fedha ambayo hayaandikwi kwenye karatasi za maelekezo za boksi, nasi tunayapenda. Cheupe kiwe shilingi 100, chekundu 200, cha njano 500, cha chungwa 1,000. Nauli ikiwa 600 na umetoa noti ya 1,000, weka kijani iliyokoza chini ya chungwa: chenji ni kijiti cha zambarau, 400. Mtoto anayetumwa gengeni anaelewa haraka kuliko kwa mfano wowote wa kitabuni.

Kwa wa miaka 12 cheupe kiache kuwa 1. Leo mzima ni kijani iliyokoza: kijani hafifu ni 1/2, chekundu ni 1/3, cheupe ni 1/6. Nusu jumlisha theluthi, yaani kijani hafifu na chekundu, inakuwa njano, ambayo ni vyeupe vitano, 5/6. Kesho mzima ni kahawia, na chekundu kile kile kimekuwa 1/4. Kama mtu aliandika "2" juu ya chekundu kwa kalamu ya wino mzito, somo hili limekufa. Kigawe Kidogo cha Shirika nacho kinapangika: safu ya zambarau na safu ya kijani iliyokoza zinakutana kwenye 12, basi KDS ya 4 na 6 ni 12. Namba tasa ni urefu usiopangika kwa rangi moja isipokuwa vyeupe au kijiti chenyewe. 7 inaonyesha hilo papo hapo. Hata mlinganyo 2x + 2 = 8 unawezekana: chini ya kahawia weka chekundu, na pengo lililobaki lijazwe na vijiti viwili vya rangi moja. Ni kijani hafifu, x ni 3. Zaidi ya hapo, kwenye namba hasi au desimali za tarakimu nyingi, vijiti haviongezi kitu na kuving'ang'ania ni kupoteza muda.

Somo la pamoja tunalolipendekeza ni la namba moja kwa dakika 40. Chukua 12. Mdogo anaweka chungwa na chekundu, kisha anatafuta jozi zenye urefu huo: bluu na kijani hafifu, kahawia na zambarau, nyeusi na njano, kijani iliyokoza mbili. Wa kati anajenga mistatili ya 12, 3 × 4 na 2 × 6, kila mmoja kwa rangi mbili, akifunika na kufunua. Mkubwa anafanya 12 kuwa mzima na kutafuta 1/3 + 1/4, ambapo zambarau na kijani hafifu vinalingana na cheusi, 7/12, na anathibitisha kwa kupanga zambarau tatu, kijani hafifu nne na vyeupe 12. Hesabu zambarau zilizo mezani: mdogo 1, wa kati 3, mkubwa 3. Saba. Boksi lina 6. Ugomvi utakaozuka usimlaumu mtoto, vijiti havikutosha. Kwa watoto wawili wenye umri wa karibu boksi moja linavumilika. Kwa watatu, nunua mawili, au chongesha la pili.

Kuchongesha kunawezekana, na mafundi wa Keko wana mashine za kazi hii. Vijiti 74 vikiungwa ni sentimita 280. Ongeza mkato wa msumeno, milimita 3 kila kijiti, unafika kama mita 3. Peleka mita 4 kwa sababu kuna vitakavyopasuka. Mbao iwe kavu kweli. Mbao mbichi ikikauka au ikanyonya unyevu wa masika inabadilika unene kuliko urefu, ndipo vijiti kumi ubavu kwa ubavu vinapokataa kuwa sentimita 10. Paini inapokea rangi vizuri ingawa kona zake zinaumia haraka. Mninga ni imara, lakini wekundu wake unameza rangi hafifu.

Kosa la kawaida la fundi ni kupima urefu wote juu ya ubao mmoja na kukata mfululizo. Msumeno unakula milimita zake na kila kijiti kinatoka kifupi. Mwambie apigilie kizuizi mezani, asogeze ubao hadi kigote, akate, na kizuizi kisihame mpaka rangi hiyo iishe. Msasa upite kwenye kingo tu, si kwenye vichwa. Rangi ya mafuta inaongeza unene: mikono miwili ya rangi kwenye vichwa ikizidishwa mara vyeupe kumi inakuwa milimita nzima au zaidi. Afadhali rangi inayozama kwenye mbao, na vichwa viachwe wazi. Rangi za ukili zinazama vizuri, lakini kwenye nyumba yenye mtoto anayetia vitu mdomoni tumia rangi za chakula, kisha vanishi nyepesi ya maji, la sivyo jasho la mikono litahamishia nyekundu kwenye njano. Cheupe kibaki mbao yenyewe.

Kama unanunua vilivyotengenezwa Kariakoo au kwenye duka la vitabu, omba boksi lifunguliwe. Panga vyeupe kumi kandokando ya chungwa moja. Tofauti ikizidi milimita moja, rudisha. Kisha laza vya rangi moja vyote bapa, pitisha kidole juu, usisikie ngazi. Angalia pia kama nyekundu, kahawia na kijani iliyokoza zinatofautiana wazi chini ya taa ya ndani, maana nakala nyingine zina kahawia inayofanana na nyekundu iliyofifia. Plastiki inavumilia maji na jasho na inafulika, ila ni nyepesi na huteleza kwenye meza ya kioo. Sinia lenye kitambaa linatatua hilo. Vya mbao vinatulia mkononi, na kwa watoto wa chini ya miaka 7 tunavipendelea wazi.

Vijiti si mtaala. Mpangilio wa mada uchukue kwenye vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinavyosomeka kwenye maktaba mtandao yake, na kila mada ipite hatua tatu: mkononi, kwenye mchoro wa miraba, kisha tarakimu peke yake. Mtoto akijibu maswali kumi mfululizo kwa tarakimu bila kugusa vijiti, vifungie kwa mada hiyo. Mwisho wa kila somo mdogo ahesabu vyeupe kabla boksi halijafungwa. Vikiwa 21, kitafute cha 22 chini ya kochi siku hiyo hiyo, kabla ufagio haujapita.