PhET ndani ya flashi: uzoefu wangu wa wiki nane za mazoezi ya kufundisha

Julai na Agosti 2024 nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata wilayani Iramba, Singida. Masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. Nilikabidhiwa Kidato cha Pili, wanafunzi 74 chumba kimoja, na mada iliyokuwa imefikiwa ni umeme wa mkondo. Maabara ipo, tena jengo lake zuri, lakini kabati la vifaa vya umeme lilikuwa na ammita (vipima mkondo) mbili, moja mshale umeganda, na balbu chache za tochi. Mwalimu wangu mwenyeji, mama mtu mzima aliyefundisha Fizikia miaka mingi, alinipa funguo akasema, "Mwanangu, hapa ndipo tulipo. Angalia utafanyaje."

Usiku ule nilijiunga bando la wiki nikaanza kutafuta zana mtandaoni. Nilikuwa sijajua vizuri ninachokitafuta, kwa hiyo nikawa nadaka kila kinachopita. Nikaangukia tovuti ya maandalio ya somo yenye rangi na michoro ya kuvutia, yanauzwa kwa dola, yameandikwa kwa darasa la watoto ishirini na kitu, kila mmoja na tableti yake. Nikapata nyingine ya maswali na majibu ya mitihani iliyopita. Nilipoyakokotoa mwenyewe, majibu mawili kati ya kumi hayakuwa sahihi. Nikafungua video, nzuri kweli, lakini baada ya tatu hivi nusu ya bando ilikuwa imekwenda, na andalio langu la kesho lilikuwa bado tupu.

Hapo ndipo nilipokumbuka PhET, ambayo mkufunzi wetu wa mbinu za kufundishia aliwahi kuigusia darasani kwa dakika tano. Ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ya Fizikia, Kemia, Hisabati na sayansi nyingine, unaotoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeuanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni bure. Kilichonivutia zaidi ni namna wanavyoyatengeneza: huwaketisha wanafunzi mbele ya jaribio na kuwasikiliza wakifikiri kwa sauti, kisha hurekebisha pale wanapokwama. Hilo linaonekana. Hakuna maelezo marefu ya kusoma. Mtoto anashika kitu, anakivuta, kinatenda.

Lakini jambo lililoniamulia ni kitufe cha kupakua. Kila jaribio jipya unalishusha kama faili moja, unaliweka kwenye flashi au simu, na kuanzia hapo linafunguka kwenye Chrome bila intaneti kabisa. Shuleni kwetu mtandao ulipatikana ukisimama chini ya mti ulio karibu na nyumba ya mkuu wa shule, na hata hapo kwa kubahatisha. Zana yoyote inayodai mtandao wakati wa kipindi, kwangu ilikuwa haipo. (Yapo pia majaribio ya zamani yaliyoandikwa kwa Java, lugha ya programu. Hayo yapite tu, yatakusumbua.)

Nilishusha manne, nikaanza na lile la kuunga saketi, linaitwa Circuit Construction Kit: DC.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha dakika 80. Niligawa darasa makundi manane. Manne yalipata skrini: kompyuta yangu mpakato, simu yangu, simu ya mwalimu mwenyeji na ya mwalimu wa Kemia aliyekubali kuiachia. Manne yalipata betri za redio, balbu za tochi na vipande vya waya wa simu ya mezani. Katikati ya kipindi wangebadilishana. Nakiri wanafunzi tisa kwenye skrini ya simu ni wengi mno, wa nyuma walikuwa wanachungulia kupitia mabega. Ukiweza kupata skrini ya pili kwa kila kundi, ipate.

Kabla ya kugusa chochote nilichora ubaoni betri moja na balbu mbili zilizofuatana, nikauliza ipi itang'aa zaidi. Mikono 51 ilisema ya kwanza, ile iliyo karibu na betri, kwa sababu "umeme unafika pale ukiwa bado na nguvu, unaliwa, unaokwenda kwa ya pili ni uliobaki." Lugha rasmi ya somo ni Kiingereza, lakini hoja hiyo ilitoka kwa Kiswahili, na ndiyo maana ilitoka. Ningelazimisha Kiingereza dakika ile ningepata kimya.

Kwenye PhET mkondo unaonekana. Elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme, ni vijiduara vya bluu vinavyotembea ndani ya waya. Msichana mmoja wa kundi la dirishani aliweka kidole kabla ya balbu ya kwanza, kisha baada yake, kisha baada ya ya pili, akawa anahesabu vinavyopita. Akarudia. Akageuka kuwaambia wenzake, "Havipungui." Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya robo ubao kuhusu jambo hilohilo. Niliyaacha.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao nawaonya wenzangu mapema. Elektroni hutembea kutoka hasi kwenda chanya, na daftari zao zilikuwa tayari na mshale wa mkondo unaotoka chanya kwenda hasi. Walidhani programu imekosea. Pembeni ya skrini pana sehemu ya kubadili, unachagua kuonyeshwa elektroni au mshale wa mkondo wa kawaida. Waonyeshe vyote viwili, na uwaeleze kuwa mwelekeo wa mkondo ulikubaliwa zamani kabla elektroni haijajulikana. Mimi sikuwa nimejiandaa, nikapoteza dakika kumi.

Baada ya kubadilishana ndipo kikatokea kitu ambacho sitakisahau. Kundi moja lililokuwa limetoka kwenye simu liliunga balbu za kweli kwa mfuatano, na moja ikang'aa kuliko nyingine. Kijana mmoja akasimama: "Madam, hii ya kweli inasema ya kwanza inang'aa zaidi. Ile ya kwenye simu inadanganya." Darasa zima likanigeukia. Nikawaambia wabadilishe nafasi, ya kwanza iwe ya pili. Wakabadilisha. Iliyokuwa inang'aa ikaendelea kung'aa, sasa ikiwa ya pili. Kimya, kisha kelele. Wakazichomoa balbu na kusoma maandishi madogo kwenye shingo zake: moja 2.5 V, nyingine 3.8 V. Hazikuwa balbu za aina moja.

Wakarudi kwenye simu wenyewe, bila kuambiwa. Kwenye PhET ukigusa balbu unapewa kitelezi cha kubadili ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia mkondo. Wakaipandisha moja hadi 15 Ω (ohm, kipimo cha ukinzani), nyingine wakaiacha kwenye 10 Ω, na ile yenye ukinzani mkubwa ikang'aa zaidi, kama ile ya mezani. Mkondo ni uleule kotekote, ila ukinzani unatofautiana. Nilisoma jambo hilo kidato cha pili, nikalisoma tena kidato cha tano, na sijui kama nililielewa hivyo hadi siku ile.

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu aitumie PhET peke yake pale ambapo betri na waya vinapatikana. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo, na kule mtoto atakutana na waya uliolegea na ammita isiyoanzia sifuri. Skrini haimfundishi kukaza waya. Lakini skrini inamwonyesha kilichomo ndani ya waya, na meza haiwezi. Pia inamruhusu kukosea: ukiunga betri ncha kwa ncha kwa waya mtupu, moto unawaka kwenye skrini. Kila kundi lilifanya hivyo zaidi ya mara moja, na sikuwazuia.

Kuhusu zana nyingine nitasema kwa ufupi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo ninayoifungua kwanza kabla ya chochote, kwa sababu vitabu vya kiada viko pale bila malipo na ndivyo vinavyonieleza mada inaishia wapi. Kuweni makini na toleo, maana mtaala ulioboreshwa ulianza 2024 kwa hatua, siyo madarasa yote kwa mpigo. TESSA, mradi wa nyenzo za walimu wa vyuo vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, haina michezo wala rangi, ni maandishi, lakini yapo pia kwa Kiswahili, na waraka wake wa kufundisha madarasa makubwa ndio ulionipa wazo la makundi manane. Mwenzangu anayesomea ualimu wa awali anaisifu sana African Storybook kwa hadithi zake za Kiswahili. Mimi sijaitumia darasani.

Bando lote nililotumia kwa PhET lilikuwa dogo kuliko zile video tatu za usiku wa kwanza. Ushauri wangu ni kushusha faili ukiwa bado chuoni, ambako kuna mtandao. Fungua kila moja ukiwa umezima data, kuhakikisha. Kisha icheze mwenyewe kama mwanafunzi kwa nusu saa kabla hujaandika neno kwenye andalio.

Wiki ya mwisho nilimwekea mwalimu mwenyeji faili zote nne kwenye simu yake. Juzi amenitumia ujumbe: Kidato cha Tatu wamefika kwenye lenzi, je, ipo ya lenzi? Ipo, inaitwa Geometric Optics. Niliishusha, nikamtumia faili kwa WhatsApp, na baada ya dakika chache akajibu, "Imefunguka. Natafuta simu nyingine tatu."