Leseni ya Texas, motohomu ya Minnesota: uzoefu wangu wa kuongezwa kwenye bima ya shemeji

Huduma ninayoizungumzia ni ndogo, na ndugu wengi hapa Marekani hawajui kama ipo: kampuni ya bima ya mwenye gari kukuandika wewe kama dereva kwenye mkataba wake kwa muda, hata kama unaishi jimbo lingine na leseni yako ni ya jimbo lingine. Nimeitumia, imenifaa, na naipendekeza kwa moyo wote. Ila haikupatikana kwa simu ya kwanza. Na kabla ya kufika kwenye bima kuna habari ya leseni, ambayo watu wanaichanganya na bima mpaka wanaogopa bure, au wanajiamini bure.

Dada yangu na mumewe wanaishi Minnesota. Shemeji amestaafu, na kila baridi ikianza kung'ata wanashuka na motohomu yao, gari kubwa lenye nyumba ndani yake, hadi kusini kabisa mwa Texas, bonde la Rio Grande. Huko wazee wa kaskazini huja kwa wingi kila mwaka hadi wenyeji wamewapa jina lao, Winter Texans. Safari hii shemeji alikuwa amebadilishwa goti na daktari akamkataza kuendesha. Dada hajawahi kushika usukani wa gari lile na wala hataki. Wao wakakata tiketi za ndege hadi Harlingen, na kazi ya kulishusha gari kutoka Minnesota ikaniangukia mimi, mkazi wa Houston mwenye leseni ya kawaida ya Texas.

Motohomu yenyewe ni ya daraja A, ile yenye uso bapa wa basi, iliyojengwa juu ya chesisi ya Ford F-53 ya petroli. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Nyuma tunavuta kigari kidogo cha dada cha kuzungukia mjini. Mke wangu alipoiona picha aliniuliza papo hapo: "Baba, hilo si basi? Unayo leseni ya basi?"

Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwenye herufi. Motohomu hupangwa A, B na C kwa umbo lake tu. A ni hizo za uso bapa, B ni van iliyogeuzwa kuwa chumba cha kulala, C ni ile yenye kichwa cha van na kitanda kilichotokeza juu ya dereva. Leseni nazo zina A, B na C, lakini hizo zimewekwa na serikali ya jimbo na zinapima uzito. Mpangilio mmoja haujui habari za mwingine. Leseni yangu ni ya daraja C la Texas, na niliendesha motohomu ya daraja A kihalali kabisa.

Kinachoamua ni kibandiko cha mtengenezaji. Kwenye gari la shemeji kimebandikwa ukutani, chini kushoto mwa kiti cha dereva, mahali ambapo usipoinama hukioni. Nilimwomba dada anipigie picha kabla sijatoka nyumbani. Tafuta herufi GVWR: huo ndio uzito wa juu kabisa ambao gari limeruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa watu, maji, mafuta na mizigo. La shemeji ni pauni 22,000, karibu tani 10. Leseni ya kawaida ya Texas inaishia pauni 26,000. Ukivuka hapo unahitaji daraja B, na kwa kuwa ni gari la familia wanakupa ile isiyo ya biashara, ila mtihani wa barabarani unaufanya kwa gari la ukubwa huohuo. Kigari cha nyuma hakikubadili kitu, maana kinachovutwa kiko chini ya pauni 10,000.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonishangaza kuliko yote. Shemeji, kwa leseni yake ya kawaida ya Minnesota, daraja D, anaruhusiwa kuendesha motohomu ya uzito wowote kwa matumizi yake binafsi. Kwa miaka amekuwa akiitamani ile kubwa ya dizeli, inayopita pauni 26,000. Angekuwa ameshainunua, yeye angeiendesha bila tatizo, na mimi kwenye kiti kilekile, barabara ileile, ningekuwa dereva asiye na leseni inayostahili. Majimbo yanaheshimiana leseni, kwa hiyo kinachoangaliwa ni daraja ulilopewa na jimbo lako wewe, wala si jimbo ambalo gari limesajiliwa. Kwa hiyo usimuulize mwenye gari "wewe unaendesha kwa leseni gani?" Jibu lake ni la kwake. New York wanataka nyongeza ya herufi R ikizidi pauni 26,000. Pennsylvania na North Carolina wanataka daraja B lisilo la biashara. California wao wanaangalia hata urefu: ikipita futi 40 leseni ya kawaida haitoshi.

Leseni ikawa imekwisha. Tukaja kwenye bima.

Msemo unaousikia kila mahali hapa ni kwamba bima inafuata gari. Ni kweli: ukiendesha gari la mtu kwa ruhusa yake, bima ya gari ndiyo inayotangulia kulipa, na yako wewe inakuja nyuma yake kama kuna pengo. Lakini kwetu tumezoea kugawa mambo mawili tu, bima kubwa na bima ndogo, na ukishajua umekata ipi umemaliza. Hapa mkataba mmoja una vipande vingi, na kila kipande kina masharti yake kuhusu nani ameshika usukani.

Simu ya kwanza shemeji aliiweka kwenye spika nikamsikia wakala kwa masikio yangu: "Hakuna shida, ukishamruhusu ameruhusiwa." Nikamwomba atuandikie kwa barua pepe, na aseme kiwango cha bima kitakuwa kipi nikiwa mimi ndiye dereva. Akasema si lazima. Hapo kampuni imepoteza alama kwangu. Gari ni nyumba ya pili ya watu wazima wawili wanaoishi kwa pensheni, halafu unaniambia neno la mdomoni linatosha?

Simu iliyofuata tulimpata mama mmoja aliyekuwa na subira. Alifungua mkataba na kutusomea. Dereva mgeni aliyepewa ruhusa analindwa, lakini kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria tu, wala si kile ambacho shemeji amekuwa akikilipia miaka yote. Shemeji analipia dola 250,000 kwa mtu mmoja atakayeumia na 500,000 kwa ajali nzima. Kiwango cha chini cha Minnesota ni 30,000 kwa mtu mmoja, 60,000 kwa ajali, na 10,000 kwa mali ya watu. Dola 10,000! Tani 10 za chuma zikiigonga pickup mpya kwa nyuma, hiyo hela haifiki hata nusu ya njia, na salio lake linamtafuta dereva na mwenye gari. Si kila kampuni ina sharti hili. Lakini lipo kwenye mikataba mingi, na hulioni mpaka mtu akusomee.

Dawa yake ilikuwa kuniandika jina. Akachukua namba ya leseni yangu, tarehe ya kuzaliwa na historia ya ajali. Akauliza kama nalipwa kwa kazi hii, maana ukilipwa inageuka biashara na mkataba wa familia haukulindi. Shemeji kunijazia mafuta hakukuhesabiwa kuwa malipo. Akauliza gari litalala wapi na litarudi lini Minnesota. Hilo la kulala wana haki ya kulijua, kwa sababu bima inapangwa kwa anuani ya mahali gari linapokaa, na kama lingebaki uani kwangu Houston nikawa nalitumia kila wikendi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Siku hiyohiyo ukaja ukurasa mpya wa mwanzo wa bima wenye jina langu chini ya la shemeji na viwango vilevile anavyolipia. Nyongeza ya bei haikufika nusu tangi la mafuta, na tangi la gari hili ni galoni 80.

Niliwapigia pia watu wa bima yangu mwenyewe. Walisema kwa madhara ya watu wengine mkataba wangu unaweza kuja kama tabaka la pili. Kwa uharibifu wa motohomu yenyewe, hapana, kwa sababu gari la kuazima kwao ni gari dogo, pickup au van.

Barabara ya I-35 inakutoa Minnesota kupitia Iowa, Missouri, Kansas na Oklahoma hadi Texas, na kila jimbo lina kiwango chake cha chini. Texas, kwa mfano, wanataka 25,000 kwa mali ya watu pale ambapo Minnesota wanaridhika na 10,000. Mkataba wa shemeji una kifungu kinachojipandisha chenyewe kufikia kiwango cha jimbo unalopita. Vifungu hivyo ni vya kawaida, lakini hakikisha na chako kimo.

Kansas barabara ya kulipia haina tena vibanda vya fedha taslimu tangu Julai 2024. Kamera inapiga picha namba na bili inatumwa kwa mwenye gari. Kama mwenye gari hayupo nyumbani kufungua barua, mkubaliane mapema nani ataifuatilia. Oklahoma askari alinisimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma ya kigari. Alitaka leseni, kadi ya gari na bima, na aliposoma jina langu kwenye bima hakuuliza ni gari la nani. Barua ya ruhusa aliyoniandikia shemeji ilibaki mfukoni, ingawa safari nyingine nitaibeba tena.

Msaada wa barabarani nao uangalie. Uanachama wa shemeji unamfuata yeye mwenyewe, kwa hiyo yeye akiwa angani kuelekea Harlingen mimi sikuwa na wa kunifuata. Kilichookoa ni kipengele cha msaada kilichomo ndani ya bima, chenyewe kinafuata gari. Tairi lilipopasuka, lori la ukubwa unaofaa lilikuja na tairi juu yake. Motohomu nyingi za ukubwa huu hazibebi tairi la akiba.

Onyo moja kwa wenye ndugu waliosajili gari Montana kupitia kampuni ili kukwepa kodi ya mauzo. Hapo mwenye gari kisheria ni ile kampuni, si binamu yako. Hakikisha bima inajua hivyo, na ruhusa yako itoke kwa jina hilo.

Aprili motohomu inarudi kaskazini, na mpwa wangu anataka kuiendesha kwa zamu na mimi. Yeye ana daraja D la Minnesota, kwa hiyo kwa leseni hana wasiwasi. Kwa bima ndiye mwenye kazi zaidi yangu, kwa sababu anaishi nyumba moja na wazazi wake, na mkazi wa nyumbani hahesabiwi kuwa dereva mgeni: ama jina lake limo, ama limeondolewa kwa maandishi ili bei ishuke, na aliyeondolewa halindwi hata baba akimpa funguo mkononi. Dada ameshamwandikia barua pepe yule mama wa simu ya pili kumuuliza.