TAHADHARI: Nafasi ya nyumba ya kaunsili haiuzwi. Msimpe mtu huyu pesa wala neno la siri

Ndugu zangu mnaoishi London mashariki, hasa kina mama mlio kwenye orodha ya kusubiri nyumba ya kaunsili, yaani ya kupanga kwa serikali ya mtaa: kuna mwanamume anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, misibani na maharusini, anasema ana mtu wake ndani ya kaunsili. Ukimlipa anakupandisha juu ya orodha, wiki ijayo unashika funguo. Mimi nimempa pauni 1,800. Ilikuwa zamu yangu ya mchezo, tuko kumi na wawili, kila mmoja anatoa 150 kwa mwezi.

Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi. Naeleza mbinu zake, maana majina hubadilisha.

Nimejiandikisha tangu 2021, niko bendi C, yaani kundi la uhitaji nililopangiwa na kaunsili. Mimi na wanangu wawili tunalala chumba kimoja, na ukuta wa upande wa dirisha umeota ukungu mweusi unaorudi kila nikiufuta. Kila wiki naweka bidi (kwa Kiingereza "bid", yaani naomba nyumba iliyotangazwa), kila wiki najikuta wa 140, wa 212. Mtu aliyechoka namna hiyo ndiye anayemtafuta. Tulikutana kwenye hitma, akakaa na mimi kwa upole, akaniuliza habari za watoto, kisha akasema: "Dada, unahangaika bure. Hiyo bidi, neno lenyewe ni la mnadani. Mnadani anashinda nani? Mwenye dau."

Nikamwamini, kwa sababu neno kweli ni la mnadani. Hapo ndipo aliponinasa, na hapo ndipo nataka msinaswe.

Bidi ya kaunsili si dau. Kaunsili hutangaza nyumba zilizo tupu kwenye tovuti yake, mara nyingi kila wiki. Unaingia kwenye akaunti yako, unatazama zenye vyumba unavyostahili, unabonyeza kuonyesha kwamba unaitaka. Muda ukifungwa, majina hupangwa kwa bendi au kwa pointi, na kwa kawaida wenye bendi moja wakigongana anatangulia aliyesubiri zaidi. Hakuna mahali pa kulipa hata senti. Pesa huanza kutajwa siku ya kusaini mkataba, ambapo baadhi ya kaunsili hudai kodi ya wiki ya kwanza, nayo inalipwa kwa kaunsili yenyewe, si kwa akaunti ya mtu. Hata kusaidiwa kujaza fomu ni bure: Sheria ya Nyumba ya 1996, kifungu cha 166, inaitaka kaunsili itoe ushauri bila malipo, na imsaidie bila malipo anayeshindwa kuomba peke yake. Kama Kiingereza kinakupa shida, nenda ukaseme hivyo, omba mkalimani.

Mimi sikuyajua hayo. Akanipeleka kuona flati, ghorofa ya tatu, na funguo alikuwa nazo kweli. Jikoni vigae vya njano, friji inanguruma, na juu ya kitanda taulo mbili nyeupe zimekunjwa vizuri. Zile taulo zilitakiwa zinishtue, maana nyumba ya kaunsili inayosubiri mpangaji mpya haiwekewi taulo. Lakini mwanangu mdogo alikuwa ameshasimama dirishani anachagua upande wa kulala, na mimi nikawa namtazama yeye. Nikalipa siku ileile. Mia sita mkononi, elfu moja na mia mbili kwa benki. Simu ikanionya kwamba jina nililoandika halilingani na la mwenye akaunti. Akasema ni akaunti ya mkewe. Nikabonyeza endelea.

Jumamosi nikafika na magodoro kwenye gari la kukodi. Funguo alizonipa hazikuingia hata tunduni. Mlango ulifunguliwa na kijana mgeni, akasema amepanga kwa siku nne kupitia programu ya simu. Flati ile hukodishwa kwa usiku, kama hoteli. Yule bwana aliikodi ili aje kutuonyesha, na sidhani alituonyesha sisi tu.

Pesa inauma, ila akaunti yangu ya tovuti ya kaunsili iliniumiza zaidi. Nilimpa neno langu la siri "ili aniwekee bidi". Akaniongezea mtoto wa tatu nisiye naye na kupachika barua ya daktari ya kughushi. Baada ya wiki mbili ombi langu likasimamishwa, nikaitwa kujieleza. Elewa uzito wake: kusema uongo kwa makusudi kwenye ombi la nyumba ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 171 cha sheria hiyohiyo, na hata ukipata nyumba kwa njia hiyo, kaunsili inaweza kukunyang'anya kupitia mahakama. Nilipeleka ujumbe wote tulioandikiana, ukiwemo ule anaoomba neno la siri. Ilichukua miezi mitatu kurudishiwa nafasi yangu na tarehe yangu ya 2021. Dada mmoja tunayecheza naye mchezo alikuta barua pepe yake imebadilishwa. Akapewa nyumba bila kujua, hakuna aliyejibu, ikaandikwa kwamba amekataa.

Kuna wengine anawaambia atawapangisha flati ya mpangaji wa kaunsili aliyesafiri. Tangu 2013 hapa England kupangisha nyumba ya kaunsili kwa siri ni jinai, kifungo hadi miaka miwili, na wewe uliyeingia unaweza kutolewa huna pa kusimamia. Na mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma, tafadhali usimruhusu akuandikishe. Nyumba ya kaunsili inahesabiwa humo, na viza yako ndiyo itakayoumia.

Kama umeshampa chochote, leo hii badilisha neno la siri, kisha hakikisha barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti ni zako. Iandikie kaunsili mwenyewe kabla hawajagundua wao. Piga 159, watakuunganisha na benki yako kama ni mojawapo ya zilizomo kwenye huduma hiyo, na nyingi zimo. Usione haya kusema umetapeliwa. Kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinatakiwa kurudisha pesa za aliyedanganywa akatuma mwenyewe kwa njia ya haraka ya benki kwa benki (Faster Payments), hadi pauni 85,000, mradi adai ndani ya miezi 13. Mimi nilirudishiwa 1,100, walikata mia moja kama sheria inavyowaruhusu. Zile mia sita za mkononi zimekwenda. Polisi piga 101. Mashirika ya hisani ya Shelter na Citizens Advice wanashauri bure, mimi ndio walionisaidia kuandika barua.

Na kama unaona bendi yako si sahihi, una haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Peleka picha za ukungu, barua ya daktari halisi, cheti cha mtoto aliyezaliwa. Ni njia ndefu, najua, na bado niko ndani yake.

Juzi mtu amenitumia picha iliyorushwa kwenye grupu la Barking: "Vyumba viwili, kaunsili, tayari kuhamia, njoo inbox." Jiko la vigae vya njano. Mkiiona, ni flati ileile. Msitume pesa, hifadhini picha na namba yake, mniandikie niziongeze kwenye shauri.