Gundi ya bluu kwenye skrubu ndogo za shotigani: uzoefu wangu

Kichupa cha kwanza cha gundi hii ya kuzuia skrubu zisilegee nilikipeleka dukani nikitaka kukirudisha. Nilikuwa nimelipa elfu 25 kwa mililita 10, nikakiinua juani nikaona gundi imeishia kiunoni. Mama mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Tabora mjini akacheka, akanitolea vingine vitatu. Vyote vimeishia kiunoni. "Baba, ndivyo vinavyokuja. Vikijazwa vinaganda." Niliondoka nikinung'unika, kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hii Loctite 243 hukauka inapokosa hewa huku imegusa chuma. Ndani ya kichupa cha plastiki chenye nafasi ya hewa inabaki majimaji. Ikiingia kwenye hesi za skrubu, ambako hewa imebanwa ikatoka, inageuka ngumu kama plastiki.

Kazi yangu ni kutunza silaha za kampuni ndogo ya ulinzi. Kabatini tuna shotigani tatu za geji 12, mbili za pampu na moja kongwe ya mitutu miwili. Watu wakisikia skrubu ya bunduki imelegea wanadhani ni kishindo cha risasi. Kishindo kweli kinalegeza, ila zetu hazilii mpaka siku ya mazoezi. Kinachotumaliza sisi ni pikipiki. Mlinzi anakwenda lindo la ghala la tumbaku huko Urambo, bunduki mgongoni, njia ya vumbi yenye vituta mfululizo, na skrubu inajifungua robo mzunguko kila safari. Siku moja ile ya mitutu miwili ilirudi haina punje ya shaba ya kulengea, ile inayokaa nchani mwa mtutu. Hakuna aliyejua imedondokea wapi.

Nilipopata punje nyingine, fundi pikipiki jirani alinipa tone la gundi yake nyekundu. Nikaipaka kwa furaha. Wiki mbili baadaye nikaona punje imekaa upande, nikataka kuitoa. Bisibisi ikakwangua mfuo wa kichwa cha skrubu, skrubu yenyewe haikusogea hata kidogo. Nyekundu ni ya nguvu kubwa, na kawaida yake inaachia ukiipasha moto wa kama nyuzi 250. Fundi akaenda kuchukua mtungi wa gesi. Bahati nzuri nilimzuia. Bunduki nyingi za mitutu miwili, ule utepe wa chuma wa katikati ya mitutu umeshikizwa kwa risasi ya kulehemia, yaani madini laini ya kuungia, na hiyo huyeyuka kabla ya nyuzi 250. Ningepata skrubu mkononi na mitutu imeachana! Nilichukua pasi ya kulehemia redio, nikaigusisha kichwa cha skrubu peke yake, naivuta mapema, najaribu, narudia. Ilinila saa nzima na jasho la kutosha. Ilipotoka haikufaa tena.

Tangu hapo natumia bluu tu, na kwa uchoyo. Kwanza nahakikisha bunduki haina kitu, natazama kwa macho na kupapasa kwa kidole. Kisha nasafisha skrubu na tundu lake kwa spiriti ya duka la dawa. Hii 243 inavumilia mafuta kidogo, lakini bunduki zetu zinaogeshwa mafuta, sitaki kuijaribu uvumilivu wake. Gundi siimimini kutoka kichupani. Naichovya kwa kijiti cha kuchokonolea meno, naipaka hesi mbili tatu za mwisho, basi. Tundu lisilotokeza upande wa pili naliwekea tone lenyewe chini, kwa sababu ukipaka skrubu, hewa iliyonaswa humo inaisukuma gundi nje.

Skrubu ya punje inataka jicho zaidi. Naijaribu kwanza bila gundi. Ikiingia mizunguko miwili ikakaza, silazimishi, kwani hesi za inchi na za milimita zinadanganya kwa kufanana. Halafu namulika tochi ndani ya mtutu. Ncha ya skrubu ikichungulia ndani hata kidogo, naitoa na kuipunguza kwa tupa, maana marisau yanapita hapo hapo. Baada ya kukaza napitisha kitambaa safi mtutuni, gundi isije ikabaki. Baada ya robo saa hivi inakuwa imeshika, lakini bunduki haitoki kabatini mpaka saa 24 zitimie. Walinzi wananilalamikia, wazoee.

Kosa langu jingine lilikuwa kitako. Skrubu ya pete ya mkanda ilikuwa inacheza kwenye mbao, nami nikadondoshea bluu ya kutosha. Siku tatu baadaye bado mbichi, imelowesha mbao na kuacha doa ambalo hadi leo linanitazama. Mbao si chuma, gundi hii haina la kufanya humo. Dawa yake ilikuwa kijiti cha mninga na gundi ya mbao. Ile pampu ambayo mkono wake wa mbele ni wa plastiki sikuisogelea kabisa, kwani gundi hii huweza kuipasua plastiki.

Kwa kazi ya chuma kwa chuma nimeridhika. Ni miezi minane sasa, na skrubu zilizopakwa hazijasogea; nimezichorea kistari kwa kalamu ya rangi ili nione. Nilipohitaji kuifungua mojawapo, ilitoka kwa bisibisi ya kawaida bila moto. Bei ndiyo inauma, ingawa kichupa kile kile nilichotaka kukirudisha bado kipo, sasa kimeishia magotini. Kwa skrubu ndogo kama ya punje, inayofaa hasa ni ya zambarau, Loctite 222, yenye nguvu ndogo. Tabora sijaiona. Mwenye safari ya Dar anijulishe, hela ninayo.